Muulize Mzee: Je, Msekwa aliwahi kuongoza Chuo Kikuu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Tulibishana kwenye kivuko cha Rugezi–Kisorya mpaka tukashuka. Shemeji yangu anasema Mzee Pius Msekwa, mwana wa Ukerewe, hakuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu hakuwa profesa, na kwamba mkuu alikuwa Mwalimu Nyerere. Mimi nasema aliongoza. Nani mkweli? — Mwalimu, Nansio

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mkweli ni wewe, ingawa shemeji yako naye ana lake. Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo, yule wa kuvaa joho na kutunuku shahada. Anayehangaika na chuo usiku na mchana ni Makamu wake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika na Dar es Salaam ikasimama peke yake, Julai 1970, Makamu wa kwanza alikuwa Msekwa.

Huo uprofesa ni kweli hakuwa nao, na utamu wa habari uko hapo. Alizaliwa 1935, akasoma Makerere, akawa Katibu wa Bunge, kisha Katibu Mtendaji wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Alipanda Mlimani, yaani hapo Chuo Kikuu, akitokea chamani. Wakubwa walitaka chuo kiende sambamba na Azimio la Arusha, wakampeleka mtu anayeijua TANU ndani nje.

Mambo yalichacha mapema. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga wa Kenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kuulalamikia utawala. Askari wa FFU, polisi wa kutuliza ghasia, waliingia chuoni, wakamchukua, akarudishwa kwao, wanafunzi wakagoma. Mimi naona nguvu ilizidi. Barua ilistahili barua.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, hapa hapa Kanda ya Ziwa. Ukimaliza kidato cha sita ulikwenda JKT, halafu kazini, ndipo uombe chuo, tena kwa barua ya mwajiri na ya chama. Hilo lilinikuta nikiwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Magu. Mwenyekiti wa tawi aliweka fomu yangu juu ya goti, akauliza mbona hanioni kwenye shamba la kijiji. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyenitetea: "Huyu hupima pamba mpaka giza." Mhuri ukagongwa. Mwenyekiti hakuuliza hata mara moja nilipata alama gani.

Msekwa aliondoka 1977 kwenda kuwa mtendaji wa CCM iliyozaliwa mwaka huo; uspika, ambao ndio vijana wanaukumbuka, ulikuja 1994 hadi 2005. Mlimani aliachiwa Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Nicholas Kuhanga, naye mwanasiasa. Profesa ambaye shemeji yako anamtafuta alifika 1988: Geoffrey Mmari, mtu wa hisabati, akitokea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro.