Bosi Anapokula Saa Zako: Jibu kwa Dada Aliyeniandikia

Juzi dada mmoja kaniandikia ujumbe mrefu. Anauza dukani. Kila siku anakatwa malipo ya saa moja kwa ajili ya mapumziko, na saa hiyo hajawahi kuipumzika. Anakula amesimama, jicho mlangoni, mteja akiingia anameza haraka na kwenda kumhudumia. Ovataimu haionekani kwenye mshahara. Akiuliza anajibiwa, "Kama hutaki, wako wengi wanaoitaka nafasi yako." Anataka kujua: aache kazi au avumilie?

Nilicheka kwa uchungu. Maneno hayo nimeshaambiwa, kwa sauti ileile ya mtu anayejua kuwa unadaiwa kodi ya nyumba. Basi dada yangu, na nyinyi wengine wote mnaohangaika mpate maisha ya heshima, kaeni niwasimulie.

Nilikuwa karani wa ghala. Kupokea mizigo, kuhesabu, kuandikisha, na siku watu wakipungua, kupakia kwa mikono yangu. Ikifika saa kumi na moja jioni msimamizi anapita na daftari la mahudhurio. "Sainini mmetoka, halafu turudi tumalizie lori moja." Lori lenyewe halijawahi kuwa moja. Unasaini, unarudi ndani, unapakia mpaka usiku. Ukilifungua daftari lile unaona 11:00, 11:00, 11:00, kurasa kwa kurasa, ghala zima linatoka dakika ileile kama wanafunzi waliopigiwa kengele. Mapumziko ya mchana nayo yalikuwa hivyohivyo: yapo kwenye makato, mwilini hayapo.

Hilo tulilizoea. Kilichonikera mimi ni kidogo tu, na mpaka leo kinanikera. Siku moja niliomba kutoka saa moja kabla ya wakati nimpeleke mama hospitali. Ruhusa nikapewa, na kwa maneno matamu. Mwisho wa mwezi nafungua hati ya mshahara: saa ile imekatwa. Yaani saa yangu moja waliiona vizuri kabisa. Zile za usiku, nimebeba maboksi mgongo unawaka, hakuna aliyeziona.

Sikugomba. Nilinunua daftari dogo la mfukoni, na kila siku, kabla sijalala, naandika. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: "Jumanne. Nimeingia 1:40 asubuhi. Mapumziko hakuna, lori limefika 7:00 mchana. Nimesaini kutoka 11:00. Nimetoka getini 2:20 usiku. Aliyeagiza: msimamizi wa zamu." Basi. Hakuna matusi, hakuna "wananionea". Tarehe, saa, na jina la aliyesema rudi ndani. Hati za mshahara nikawa nazipiga picha na kuzihifadhi nyumbani, kwa sababu simu ya kazini ni ya bosi, na siku mkikosana anaichukua na kila kilichomo.

Wakati huohuo nikaanza kusoma sheria. Watu wanaogopa neno sheria, wanadhani ni la mawakili. Nilianza na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwa sababu nchi nyingi zimejengea sheria zao humo. Mkataba namba 1 wa mwaka 1919, unaohusu viwanda, unaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na ovataimu inayoruhusiwa humo ilipwe si chini ya mshahara wa kawaida na robo yake. Namba 95 wa 1949 unahusu ulinzi wa mshahara: makato yafanyike kwa masharti na kiwango kinachoruhusiwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi aelezwe mshahara wake umefikiwaje, kwa namna rahisi kueleweka.

Lakini kwa dada yangu wa dukani, dawa iko kwenye namba 30 wa 1930, wa biashara na maofisi. Humo saa za kazi ni muda wote ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Mapumziko yanayotolewa kwenye hesabu ni yale tu ambayo hauko chini ya amri yake. Soma tena hapo. Kama unakula huku ukisubiri mteja, na mteja akija ni lazima uinuke, hapo uko kazini. Mikataba hii inazibana nchi zilizoiridhia, kwa hiyo tafuta sheria ya kazi ya nchi yako na usome sehemu mbili: saa za kazi na malipo. Kurasa chache tu. Watu wanasoma umbea mrefu kuliko huo kila usiku.

Daftari lilipojaa kiasi cha kutosha niliandika barua kwa meneja. Ya adabu, fupi, na nakala nikabaki nayo. Nikaitwa ofisini. Nikapewa kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida, nikaambiwa, "Sisi hapa ni familia, mambo ya kuandikiana barua ya nini?" Nikajibu kwamba familia inaweza kunilipa tu, barua itaisha yenyewe. Kuanzia siku hiyo nikaitwa mchochezi. Wenzangu niliokuwa nakula nao wakaanza kukaa meza nyingine.

Nikaenda kwa wakaguzi wa kazi, maofisa wa serikali wanaoangalia kama waajiri wanafuata sheria. Miezi ya kusubiri nairuka, haina utamu. Siku mkaguzi alipofika alilifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye zile 11:00, akatabasamu. Kisha akaomba kitabu cha getini. Hapo ndipo meneja alipobadilika rangi. Mlinzi wetu, mzee mmoja makini sana, alikuwa anaandika kila anayetoka na saa aliyotoka, kwa ajili ya wizi. Saa zake na za daftari langu zilikuwa zinapishana dakika mbili tatu. Ofisi ilitunza ushahidi dhidi yake yenyewe, na ikamlipa mtu mshahara autunze!

Tulilipwa. Nasema tulilipwa, kwa sababu hata walionihama meza walilipwa malimbikizo yao. Asante sikusikia. Mmoja aliniuliza kwa nini sikudai zaidi.

Sasa ndugu zangu, acheni kulalamika kwenye makundi ya simu usiku kucha halafu asubuhi mnasaini 11:00. Andika. Hata kama hutaenda popote mwaka huu, andika. Kumbukumbu ya kichwani mwajiri anaicheka, na wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu unaanza kuchanganya siku. Mkiwa wawili watatu mnaoandika kila mtu kivyake, ni bora zaidi. Kama kuna chama cha wafanyakazi, nenda ukiwa na daftari mkononi, utasikilizwa tofauti na anayeenda na machozi.

Kuhusu woga: mkataba wa ILO namba 81 wa 1947 unamtaka mkaguzi afiche kabisa aliyeleta malalamiko, na asimdokeze mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Namba 158 wa 1982 unasema kumlalamikia mwajiri kwamba amevunja sheria hakuwi sababu halali ya kufukuzwa. Sisemi hawatajaribu. Mimi walinihamishia zamu mbaya, na tarehe ya uhamisho nikaiandika vilevile.

Kwa hiyo dada, usiache kazi wiki hii. Ukiondoka kwa hasira leo unaondoka mikono mitupu, na mlango wa kupata ushahidi unafungwa nyuma yako. Lakini usikae mno pia. Madai ya kazi yana muda wa mwisho wa kuyafungua, na sehemu nyingine muda huo ni mfupi ajabu, kwa hiyo ulizia mapema ofisi ya kazi ya eneo lako. Na siku watakapokubali kukulipa, watakuletea karatasi ndogo yenye sentensi kwamba umepokea haki zako zote na huna madai mengine. Mimi niliwekewa mezani pamoja na kalamu iliyofunguliwa tayari. Isome yote, piga hesabu na daftari lako pembeni, na kama hazilingani usisaini. Waambie unakwenda nayo nyumbani, utawarudishia kesho.