Dada, hizo pesa usizipeleke dirishani Ijumaa

Usilipe. Nimesoma uzi wako wote, pole sana kwa mtoto, na nimeona umeuliza maswali manne kuhusu mifuko ya hisani inayosaidia matibabu ya watoto. Lakini kilichonitoa kitandani ni kale kasentensi ulikokachomeka mwishoni kana kwamba si kitu: "Nakopa, nalipa operesheni yote Ijumaa, halafu natuma risiti mfuko unirudishie." Hako kasentensi nakajua. Niliwahi kukasema mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyejipanga.

Mwanangu naye alikuwa na tundu kwenye moyo kama huyo mtoto wako. Daktari alisema lizibwe ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, dada! Hakusema leo, hakusema kesho. Nilikuwa na muda wa kuandika maombi kumi, nikapewa ushauri na baba mmoja pale kwenye benchi la kusubiri, mtu mwenye faili nene na majibu ya kila kitu. Akaniambia: "Mdogo wangu, lipa kwanza. Mifuko inapenda mzazi aliyeonyesha juhudi. Risiti ndiyo ushahidi." Nikamwamini kwa sababu ya unene wa faili. Nikauza kiwanja, nikakopa kwenye chama, nikamaliza kwa baba mkwe, ambaye hadi leo akinisalimia naona kama ananikumbusha. Nikalipa yote kwa mkupuo mmoja. Keshia alinipongeza.

Operesheni ikaenda vizuri, mtoto sasa hivi anavunja vikombe humu ndani kwa afya tele, hilo silalamikii. Wiki mbili baadaye nikapeleka maombi yangu: kurasa kumi na saba, risiti zimepangwa kwa tarehe, kila moja na nakala yake. Mfuko wa kwanza ukajibu kwa mistari miwili: hatulipi gharama zilizokwisha lipwa. Nikasema hawa wana roho mbaya, nikaenda wa pili. Wa pili walikuwa wapole zaidi, wakaandika kwamba wao hulipa hospitali moja kwa moja, hivyo nitume taarifa ya akaunti ya mgonjwa inayoonyesha deni lililobaki. Nikaenda kwa mhasibu wa hospitali, akanichapia. Deni lililobaki: 0. Sijawahi kuichukia sifuri namna ile.

Nikamwomba mhasibu anirudishie pesa zangu ili mfuko uje ulipe badala yangu. Alinitazama kama abiria anayedai nauli baada ya kushuka.

Sasa huyu baba wa faili. Nilikuja kukutana naye tena kliniki, nikamuuliza ni mfuko gani uliomrudishia yeye. Akasema, aa, mimi nilirudishiwa na mwajiri wangu. Mwajiri! Yaani alichukua utaratibu wa kazini kwake, akanigawia mimi kama sheria ya dunia nzima, na mimi nikauzia kiwanja juu yake. Kiwanja kile sasa kina nyumba nzuri tu. Nikipita pale huwa nabonyezabonyeza simu.

Elewa kwa nini inakuwa hivyo, maana hakuna aliyenieleza. Mfuko wa hisani si bima. Bima ina mkataba na wewe, kwa hiyo kuna hali ambazo unalipa na unadai. Mfuko unaangalia tiba ambayo itakwama bila wao. Ukishaleta risiti ya malipo kamili, umewathibitishia kwamba haikukwama, basi wanampa nafasi mtoto mwingine ambaye bado anasubiri. Tena wengi hawampi mzazi pesa mkononi, wanamlipa mtoa huduma. Wanachotaka kuona ni makadirio ya gharama kwenye karatasi ya hospitali yenye mhuri (mwambie mhasibu "profoma", atakuelewa), barua ya daktari inayotaja ugonjwa, tiba na muda unaoweza kusubiriwa, karatasi za kipato, na kama una bima, barua ya bima inayosema imelipa kiasi gani au imekataa. Hiyo ya bima usiidharau, maana wengi wanataka wawe walipaji wa mwisho.

Na ukisikia mtu anakwambia "mbona ipo mifuko inayolipa gharama za nyuma", mwulize siku ngapi. Mfuko wa Marekani uitwao UnitedHealthcare Children's Foundation, kwa masharti niliyosoma mimi, ulikubali gharama za siku 60 kabla ya tarehe ya maombi, na huo ni wa watoto wa huko wenye bima za binafsi. Niliyasoma masharti yake usiku wa manane kwa uchungu tu, haukunihusu hata kidogo.

Jambo moja tu linalotengua haya yote: daktari akisema ni dharura, mtoto kwanza, karatasi baadaye. Lakini hata hapo usimwage kila kitu. Omba kulipa malipo ya awali tu, waandikishiane na wewe utaratibu wa salio, na maombi yatumwe siku hiyohiyo wakati deni bado lipo kwenye vitabu. Na wewe hukusema ni dharura, umesema amepangiwa tarehe. Tarehe husogezwa. Muulize daktari kwa uwazi, inaweza kusogea hadi lini bila kumdhuru?

Uliuliza mifuko ipi. Anza na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo, ndiye anayejua nani analipa pale. Na uliza pia kuhusu zile taasisi ambazo hazitoi pesa kabisa, zinatoa tiba yenyewe: kwa moyo kuna Save a Child's Heart, ipo tangu 1995 na inawafanyia operesheni watoto wa nchi nyingi bila malipo. Kuomba mifuko miwili kwa pamoja inawezekana, ila kila mmoja uambie kuhusu mwenzake. Anayekudai ada ya fomu kimbia. La nne nimelisahau, na nikipanda juu kulisoma nitakutana tena na kale kasentensi nipandwe na hasira upya.

Ijumaa nenda, sikukatazi. Pesa ziache nyumbani. Keshia akikuuliza unalipa kiasi gani, mwambie leo umefuata karatasi.