Kulia ni pa kupitia, si pa kukaa

Ndugu, umeuliza kama dereva aendaye polepole ana haki ya kubaki njia ya kulia pale Daraja la Kigongo–Busisi, lile linalovuka Ziwa Victoria mkoani Mwanza, maadamu havunji mwendo uliowekwa. Hapana. Tanzania tunaendesha kushoto. Kulia unakwenda kumpita mtu, ukimaliza unaangalia saitmira, unawasha indiketa, unarudi kushoto.

Naelewa kinachotokea. Barabara ya kutoka Usagara ina njia moja kila upande, halafu ghafla darajani zinakuwa mbili. Mtu anajikuta kulia, ziwa linapendeza, anapunguza hadi 30 ili watoto waone maji. Daraja lina kilomita 3 hivi: kwa mwendo wa 60 ni dakika tatu, kwa 30 ni sita. Tatizo si hizo dakika tatu, maana enzi za kivuko tulisubiri zaidi ya hapo bila kufa. Tatizo ni wa nyuma yake. Wanaanza kumpita kwa kushoto, upande asioutazama, na wengine wanatanua kabisa kwenye ukingo uliowekwa kwa magari yaliyoharibika. Hapo fundi anaweza kuwa amechuchumaa anabadilisha tairi.

Ukimkuta wa namna hiyo, mwashie taa mara moja, kaa mbali, ngoja. Usimkaribie matakoni, na usimpite kwa kushoto hata kama pako wazi. Na wewe unayependa kutazama ziwa, tazama, lakini ukiwa kushoto.