Usiziruke kurasa za msiba ili uwahi kisasi

Dada, simama hapo hapo ulipofika na usiifungue sehemu ya tatu. Umeuliza mambo matatu: kama unaweza kuuruka mwanzo wa riwaya ya Anne Rice, Interview with the Vampire, kwa kuwa umeambiwa kwamba ni kilio kitupu na kwamba kisasi chenyewe kinaanzia Paris, kama ni afadhali kukisikiliza kitabu hicho kwa sauti kuliko kukisoma, na kama ni lazima uendelee na vitabu vinavyokifuata. Leo nalijibu hilo la kwanza tu kwa sababu ndilo linaloniuma, na kwa kuwa umesema umekwisha kusimuliwa hadithi yote mpaka mwisho, sitaficha kitu.

Ushauri kama huo nilipewa mimi na mtu anayejitambulisha kuwa mhakiki wa riwaya za kutisha, ambaye alikuwa amesambaza orodha ya kurasa ambazo, kwa maneno yake, msomaji mwenye shughuli zake hana haja nazo. Karibu sehemu yote ya kwanza ilikuwa imefutwa katika orodha hiyo. Nikamwamini, nikaingia Paris moja kwa moja, nikawakuta Claudia, vampaya mwenye mwili wa mtoto, na Madeleine, mlezi wake, wamefungiwa mahali ambapo jua la asubuhi lingewafikia na kuwaua, kisha nikamkuta Louis, msimulizi wa riwaya, akiuteketeza kwa moto ukumbi wa maonyesho wa vampaya, yaani wafu wanaoishi kwa kunywa damu, pamoja na waliokuwa wamelala ndani yake. Tukio hilo limeandikwa kwa ustadi mkubwa, lakini mimi nililisoma kama mtu aliyefika matanga yamekwisha kuanuliwa: niliyaona majivu, marehemu sikumjua. Hasara hiyo haifidiki, kwa sababu niliporudi mwanzo baadaye na kumkuta Claudia akibebwa mikononi, mtoto bado, tayari nilikuwa nimekwisha kuona mwisho wake, na kila neno la upendo ambalo Louis alimwambia lilinifikia likiwa limechelewa.

Tazama ni kitu gani hasa unachoshauriwa kukiruka. Louis ni mwenye shamba kubwa karibu na New Orleans, na mwaka 1791, akiwa na umri wa miaka 25, ana ndugu yake kijana mcha Mungu anayedai kuona maono na anayemtaka auze mali yote kwa ajili ya kazi ya Mungu. Louis anakataa, wanagombana, na muda mfupi baadaye kijana huyo anaanguka kwenye ngazi na kufa. Tangu hapo Louis anatamani kifo bila kuwa na ujasiri wa kujiua, na ni katika hali hiyo vampaya aitwaye Lestat anamkuta na kumgeuza awe vampaya pia. Ukilikosa hilo, utadhani kwamba Louis ni mtu mnyonge tu anayelalamika kurasa nenda kurasa rudi, kama yule mhakiki alivyomwita, ilhali ni mtu ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kumwomba radhi marehemu wake.

Kisha anakuja Claudia. Louis anamkuta akiwa mtoto mdogo katika nyumba iliyopigwa na tauni, akimlilia mama yake ambaye amekwisha kufa na asiyeamka. Baadaye anageuzwa vampaya na Lestat akiwa na umri wa miaka mitano tu, na kuanzia hapo akili yake inakua kwa miongo mingi ndani ya mwili usiokua. Chuki yake kwa Lestat, ambayo ndiyo kisasi cha kwanza cha riwaya hii na ambayo inatimizwa New Orleans, mbali kabisa na Paris, inachipuka pale pale penye msiba wa mama. Nashindwa kuelewa mtu anayejiita mhakiki alipataje ujasiri wa kuwaambia watu wasome kisasi cha pili na kukifuta cha kwanza pamoja na sababu zake zote.

Hata huko Paris unakokukimbilia, utamkuta Madeleine, fundi wa wanasesere aliyefiwa na binti yake na ambaye amekuwa akimtengeneza mwanasesere yule yule tena na tena kwa sura ya mtoto wake. Claudia anamtaka Louis amgeuze mwanamke huyo ili apate mlezi, na Madeleine anakubali kwa sababu amepata mtoto ambaye hatakufa. Ukiwa umeupita msiba wa mwanzo, utamwona kama mhusika mdogo wa ajabu. Ukiwa umeusoma, utaelewa kwa nini moto wa Louis ni mkali kiasi kile, na kwa nini baada ya moto huo habaki na chochote, wala hasira.

Yupo mtu nyuma ya maombolezo haya. Binti yake Anne Rice, Michele, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1972 kabla hajatimiza miaka sita, na riwaya hii ilichapishwa mwaka 1976. Sisemi kwamba Claudia ni Michele, kwa kuwa hadithi si cheti cha kifo, lakini mtu anayeziita kurasa hizo maneno ya kujaza nafasi ameniudhi zaidi kwa jambo hili kuliko kwa muda wote alionipotezea.

Wala usidhani kwamba hii ni tabia ya kitabu kimoja. Mwaka 1725, katika taarifa ya maofisa wa Austria kuhusu kijiji cha Kisiljevo nchini Serbia, mjane wa Petar Blagojević, mwanakijiji aliyedaiwa kuwa vampaya, alinukuliwa akisema kwamba marehemu mumewe alimjia kudai viatu vyake. Vampaya wa simulizi hizo za zamani huanzia nyumbani kwake, kwa wale wanaomlilia. Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, anayempigilia kigingi moyoni Lucy, aliyegeuka vampaya baada ya kufa, ni Arthur, mchumba wake, aliyekuwa amekwisha kumzika, na ni Mina, ambaye mwenyewe ameumwa na Dracula, anayewasihi wanaume walioapa kumwinda adui huyo wamwonee huruma. Ombi hilo lina maana kwa msomaji aliyekuwapo kwenye mazishi ya Lucy. Mwingine ataliona kuwa udhaifu.

Kanuni yangu kwa riwaya za aina hii ni moja, nami siilegezi kwa mtu yeyote: usikisome kisasi kabla hujamjua marehemu ambaye kisasi kinalipwa kwa ajili yake, yaani sauti yake na mambo yaliyobaki bila kusemwa kati yake na aliowaacha. Kama kurasa hizo ni nzito, soma chache kwa siku, weka kitabu chini, rudi kesho, ila zifuate kwa mpangilio wake.

Umeandika pia kwamba unataka tu kufika mahali ambapo vampaya wanatumia nguvu zao. Mle ndani ya riwaya yumo kijana anayerekodi mazungumzo, anayesikiliza maisha yote ya Louis usiku kucha, kuanzia kifo cha ndugu yake mpaka majivu ya Claudia, na mwisho anamwomba amgeuze na yeye awe vampaya. Louis anakasirika kwa sababu kijana amesikia nguvu peke yake, na huyo angalau alisikia kila neno.

Kwa hiyo leo rudi mahali ambapo ndugu yake Louis anamweleza maono yake, uende kwa utaratibu mpaka Claudia anapompangia Lestat kifo. Ukifika hapo niandikie jinsi ulivyomwona Claudia, ndipo tuzungumze habari za Paris.