Ukifika Chennai msimu wa muziki, anzia kwenye semina za asubuhi

Watu wetu wengi wanafika Chennai, wengine wamempeleka mgonjwa, wengine wanasoma vyuo vya kule, na ikikuta uko kule Desemba unasikia tu mji mzima unaongelea muziki, magazeti yamejaa ratiba, basi unakata tiketi ya konsati ya jioni, unakaa masaa mawili na nusu, unatoka umechoka na unawaambia wenzio muziki ule mgumu. Mimi ushauri wangu ni uleule nnaompa kila anayeniuliza. Usianze na konsati ya jioni. Anza na semina za asubuhi, alafu jioni utaenda mwenyewe bila kusukumwa.

Nasema hivi kama mpiga fidla niliyelelewa kwenye taarab Unguja, kisha nikapata bahati ya kusoma Chennai. Muziki wa kule Kusini mwa India, wanaouita Karnataka, sikuuelewa kwa kuusikiliza tu, niliuelewa kwa kukaa kwenye semina ambapo mwanamuziki anaimba mstari mmoja, anasimama, anaeleza kafanya nini, anarudia, anaonyesha na namna isiyotakiwa, anarudia tena. Wenyewe wanaziita lekdemu, yaani mhadhara wenye mifano ya kuimba na kupiga hapohapo. Jioni hakuna atakayesimama akueleze.

Semina maarufu kuliko zote ni za Music Academy, pale barabara ya TTK. Historia yake fupi ni kwamba mwaka 1927 chama cha Congress kilifanya mkutano wake Madras (ndo Chennai ya leo) na pembeni yake ukafanyika mkutano wa muziki wa India nzima, mwaka uliofuata Academy ikaanzishwa. Toka zamani hizo msimu wa Desemba una sura mbili, asubuhi wataalamu wanajadili na jioni watu wanaimba, na mambo yanayojadiliwa yanachapwa kwenye jarida lao lililoanza 1930. Mwanamuziki anayechaguliwa kuongoza mkutano wa mwaka ndo anapewa heshima ya Sangita Kalanidhi, M.S. Subbulakshmi aliipata 1968 akiwa mwanamke wa kwanza. Raha yake ni kwamba mkubwa huyo utamkuta asubuhi amekaa mbele kabisa anasikiliza, na akiwa na neno analisema, na wazee wenzake wakiwa hawakubaliani wanasema palepale. Nimeona watu wazima wanabishana kuhusu sauti moja tu ndani ya raga moja (raga ni kundi la sauti lenye tabia na mwendo wake, kama maqam yetu), kwa adabu lakini kwa moto, na mmoja akaona maneno hayatoshi akaimba, mwenzie nae akamjibu kwa kuimba. Ukishaona hivo unaanza kuelewa kwanini UNESCO mwaka 2017 waliuweka mji ule kwenye orodha ya miji ya muziki.

Sasa ukifika ufanye nini. Mimi nasema jifunze mkono kabla ya sikio. Angalia watu waliokaa, mikono yao yote inakwenda, wanahesabu tala, yaani duara la mapigo linalojirudia. Iliyo ya kawaida zaidi ni Adi tala yenye mapigo 8: unapiga kiganja pajani, unahesabu kidole kidogo, cha pete, cha kati, hapo umeshapata 4, alafu unapiga, unageuza kiganja juu, unapiga tena, unageuza, zimetimia 8 unarudi mwanzo. Basi. Usione aibu kufanya, kule kuhesabu kwa mkono ndo kusikiliza kwenyewe, na wenyeji wakikuona mgeni unajaribu wanafurahi sana, kuna mama mtu mzima alinishika kiganja katikati ya semina akaninyooshea vidole bila kusema neno, macho yake yakiwa jukwaani muda wote. Ukishaizoea Adi jaribu Misra Chapu yenye mapigo 7, yaani 3 kisha 4. Mkono ukishakubali, ule muziki uliokuwa unakupita unaanza kuwa na mahali pa kuushika, unajua duara limeanzia wapi na mwimbaji anarudi wapi, na akichelewa makusudi alafu akatua palepale, utashtuka pamoja na ukumbi mzima.

Kuhusu raga, watu wanaogopa hesabu. Kuna mfumo wa raga mama 72, msingi wake umetoka kwa Venkatamakhin wa karne ya 17, na ukieleweshwa vizuri ni rahisi: sauti zinaitwa sa ri ga ma pa da ni, sa na pa hazibadiliki, ri na ga zinapangika kwa namna 6, da na ni vilevile namna 6, hiyo 6 mara 6 ni 36, alafu ma zipo 2, ya chini na ya juu, unazidisha unapata 72. Hata namba ya raga imefichwa kwenye silabi mbili za mwanzo za jina lake, Mayamalavagowla ambayo ndo watoto wanaanza nayo ni ya 15, ma ni 5 na ya ni 1, unasoma kinyumenyume. Inapendeza kuijua. Lakini usikae hapo sana, nasisitiza, kwa sababu hesabu inakupa ngazi tu ya sauti na raga sio ngazi.

Ushahidi ni zile semina za kulinganisha raga mbili, ukiona ratiba imeandika hivyo acha kila kitu uende. Mfano Arabhi na Devagandhari. Ukiandika karatasini zote zinapanda na kushuka kwa sauti zilezile, lakini mwimbaji akifungua mdomo hata mgeni anasikia ni watu wawili tofauti, moja inakwenda imenyooka na ina mwendo, nyingine inatembea taratibu na inatikisa zile sauti, inavuta, inakaa. Kule kutikisa na kuteleza kwa sauti ndo gamaka, na ndo roho ya muziki wenyewe, haiandikiki vizuri kwenye karatasi yoyote, ndomana lazima mtu aimbe mbele yako. Sisi tuliokulia na maqam, zile njia za sauti za Kiarabu kwenye taarab, tunalijua jambo hili tayari hata kama hatukufundishwa kulisema.

Kwahiyo chagua raga moja ukae nayo. Mimi huwa nawashauri Mohanam, ina sauti 5 tu, sa ri ga pa da, na mtu aliyekulia kwenye nyimbo za sauti 5, na bara tunazo tele, haitomsumbua. Isikilize kwa waimbaji tofauti, wa kike na wa kiume, kwenye filimbi, kwenye fidla, kwenye vina (ile ala yao ya nyuzi), mpaka ukiisikia mahali unaitambua kabla hujaambiwa. Ndo uhamie Kalyani. Mtu anayekusanya raga 20 kwa wiki hatobaki na hata moja.

Na zile semina za alapana msizikose, ile sehemu mwimbaji anaifungua raga bila maneno na bila tala, sisi kwenye taarab tuna taksim tunaijua hiyo ladha, ila kule inaweza kwenda nusu saa na mpiga fidla anamfuata nyumanyuma kila sauti, hajui mwenzie anaenda wapi na bado wanafika pamoja.

Hapo kwenye fidla naomba nikae kidogo. Fidla sio ya kwao, iliingia muziki ule mwanzoni mwa karne ya 19 na anayetajwa ni Baluswami Dikshitar, mdogo wake Muthuswami Dikshitar, mmoja wa wale watungaji watatu wakubwa, wenzie ni Tyagaraja na Syama Sastri, wote watatu wamezaliwa mji mmoja, Tiruvarur. Nyumba ya akina Dikshitar ilikaa Manali karibu na Madras na walikuwa wanasikia bendi ya Waingereza kule ngome ya Fort St. George, mdogo akaichukua fidla, kaka mtu akachukua mahadhi ya kizungu akayavisha maneno ya Kisanskriti, kuna vipande karibu 40 vya namna hiyo na kimojawapo ni mahadhi ya wimbo wa taifa wa Uingereza. Siku nilipokaa kwenye semina ya vipande hivyo nikakumbuka sisi tunavyosimuliwa kuhusu Sultan Barghash kumpeleka mtu Misri akajifunze ganuni, yaani ala imetoka mbali, imefika, ikasema lugha ya wenyeji.

Na kweli wameifanya iseme. Mpigaji anakaa chini kakunja miguu, kichwa cha fidla kinakaa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, huku chini imeegemea kifua, kwahiyo mkono wa kushoto haubebi chochote, uko huru kuteleza juu chini kwenye uzi, na bila hivyo gamaka ingekuwa tabu. Nyuzi wanazifunga sa, pa, sa, pa, sio kama tunavyozifunga sisi. Wapiga fidla wenzangu wa Unguja, Mombasa na Tanga, nawaomba sana, mkipata nafasi ya semina ya fidla kaeni upande wa kulia wa mpigaji muuone mkono wa upinde, alafu siku nyingine kushoto muone vidole. Mambo ya pale mtayatumia kwenye bashraf, ule muziki wa ala tupu, bila kuacha utaarab wenu.

Wapenda ngoma nao wana lao, semina za mridangamu, ngoma yao ya pande mbili, na konakoli. Konakoli ni kuisema ngoma kwa mdomo, taka ni 2, takita ni 3, takadimi ni 4, takatakita ni 5, na wanazipanga hizo ndani ya duara la 8 wanazigeuza mpaka kichwa kinazunguka kisha zote zinamalizikia pamoja kwenye pigo la kwanza. Mtoto wa kwetu aliyepiga msondo au chakacha akianza kufundishwa hii haachi.

Mambo madogo ya njiani. Semina nyingi za asubuhi ni bure ila zinaanza mapema, ukichelewa utasimama. Lugha ni Kiingereza kilichochanganywa na Kitamil, na nyimbo zenyewe nyingi ni Kitelugu na Kisanskriti, usihangaike kuelewa kila neno, andika majina ya raga na tala tu ukatafute baadae. Beba mtandio au kikoi kwa sababu kiyoyozi cha ndani hakina huruma hata kama nje kuna jua. Usirekodi bila kuomba. Ukiitwa jukwaani vua viatu. Na ikiisha usikimbilie bajaji, nenda kantini, wakati wa msimu sehemu zile zina kantini zinazosifika mji mzima kwa dosa na kahawa ya kuchuja, na hapo ndo wale wazee waliokuwa wanabishana unawakuta wametulia. Muulize mmoja, kwa heshima, muite sir au amma, swali moja dogo. Uliza kitu ulichokisikia, mfano ile ga ya Kalyani kaifanyaje, usiulize mambo makubwa ya historia. Atakuimbia.

Asiyeweza kusafiri, semina za namna hii zimejaa YouTube, tafuta jina la raga moja, weka na neno lec-dem (ndo ile lekdemu), chukua za waimbaji wawili tofauti, weka mlio wa tambura (ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi) kwenye simu kabla hujaanza ili sa ikukae masikioni, na mkono uwe pajani.