Mwalimu Asiponikumbuka, Nitajitaja

Swali la juma hili liliuliza hivi: miongo kadhaa baada ya kumaliza shule ya sekondari, je, bado unawakumbuka walimu wako na wenzako wa darasani, na unawakumbuka kwa lipi? Jibu langu ni kwamba ninawakumbuka, tena wengi kuliko nilivyodhani, isipokuwa nimeona kwamba kumkumbuka mtu ni jambo moja na kuyakumbuka yaliyotokea mkiwa pamoja ni jambo jingine kabisa, na kati ya hayo mawili ni lile la kwanza peke yake ninaloweza kuliamini pasipo kuuliza wengine.

Nyuso hudumu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani utafiti uliowahusisha watu 392, ambao baadhi yao walikuwa wametoka shuleni karibuni na wengine walikuwa wamemaliza karibu nusu karne kabla. Waliwaonyesha picha za wanafunzi wenzao zilizochanganywa na picha za watu wasiowajua, na hata miaka zaidi ya 30 baada ya kuhitimu, watu hao waliweza kuwatambua takriban wenzao 9 katika kila 10. Walipotakiwa kuandika majina ya wenzao bila msaada wa picha wala orodha, hali ilikuwa tofauti sana: majina mengi yalikuwa yamekwisha kuwaponyoka. Sababu ya nyuso kudumu si ngumu kuelewa, kwa kuwa mtu uliyemwona kila siku kwa miaka minne, darasani, uwanjani, kwenye foleni ya chakula na katika chumba cha mtihani, umejifunza sura yake taratibu na mara nyingi mno, kwa namna ambayo hukuwahi kujifunza somo lolote.

Kwangu majina huja kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Nikijaribu kumtaja mmoja peke yake hukwama, lakini nikianza na jina la kwanza kama kiranja alivyolisoma kila asubuhi, mengine hufuatana hadi katikati ya orodha, ambapo pana pengo. Majina ya utani, kwa upande wake, hayana pengo hata kidogo. Wapo wenzangu ambao jina lao halisi nililijua baadaye, utu uzimani, nilipoliona kwenye kadi ya harusi ya watoto wao.

Mambo yaliyotokea ndiyo yenye utata. Katika kundi letu la simu tumewahi kubishana kwa siku kadhaa kuhusu asubuhi ile maabara ilipojaa moshi. Mmoja anaapa kwamba mwalimu ndiye aliyetutoa nje, mwingine anasema mwalimu hakuwapo, na wa tatu, ambaye wote tunamkumbuka akikimbia mbele yetu, anasisitiza kwamba siku hiyo alikuwa mgonjwa nyumbani. Hakuna anayedanganya. Daniel Offer, tabibu wa akili aliyewahoji wavulana wa miaka 14 mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwahoji tena walipokuwa na miaka 48, aligundua kwamba majibu yao kuhusu ujana wao wenyewe, yakiwemo waliyoyasema kuhusu wazazi wao na namna walivyoadhibiwa, yalilingana na majibu ya zamani kwa kiasi kisichozidi sana kubahatisha. Hata alama za mtihani hupindika: katika utafiti wa Bahrick na wenzake wa mwaka 1996, wanafunzi wa chuo walioulizwa alama zao za sekondari walikumbuka sawasawa asilimia 89 ya alama za A lakini asilimia 29 tu ya alama za D, na walipokosea, mara nyingi walijipandisha. Ndiyo maana sioni ubishi wa kundi letu kuwa upuuzi. Hiyo ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kusahihishana, na kila mwenzetu anapofariki anaondoka na sehemu ya ushahidi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuitoa.

Kuna kumbukumbu moja ambayo haina mabishano. Mwalimu mmoja alimsimamisha mwenzetu mbele ya darasa akamwambia kwamba hatafika popote, na maneno hayo yote, neno kwa neno, tunayo sote hadi leo. Aliyeambiwa alifika mbali, na ninafurahi, lakini hata asingefika popote, maneno yale yangebaki kuwa dhuluma. Ninalitaja jambo hili kwa sababu walimu wengi wanaosoma gazeti hili wataingia darasani kesho, na wanapaswa kujua kwamba sentensi waliyoitamka kwa uchovu, ambayo wataisahau kabla ya kengele ya mapumziko, inaweza kukaa kichwani mwa watoto 40 kwa maisha yao yote.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka hasa kulisema. Kumbukumbu kati ya mwanafunzi na mwalimu haiko sawa pande mbili, na haiwezi kuwa sawa. Mimi nilikuwa na walimu wasiozidi 20 katika miaka yangu ya sekondari. Mwalimu anayepokea wanafunzi wapya 200 kila mwaka atakuwa amefundisha wanafunzi 6,000 anapotimiza miaka 30 kazini. Bahrick aliwapima pia walimu wa chuo na kuchapisha matokeo mwaka 1984: kadiri miaka ilivyopita walizidi kushindwa kuwatambua wanafunzi wao wa zamani, na baada ya miaka minane waliwatambua wachache sana. Kwa hiyo mtu anayeacha kwenda kumsalimu mwalimu wake kwa hofu kwamba hatakumbukwa anadai kitu ambacho akili ya binadamu haikuumbwa kukitoa. Anayekumbuka ndiye anayepaswa kuanza. Ajitaje jina, ataje mwaka aliomaliza na mahali alipokuwa akiketi, kisha aseme kilichomleta.

Mfano ninaoupenda ni wa mwandishi Albert Camus. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alimwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi kule Algiers, akamweleza kwamba baada ya kupata habari ile, mtu wa kwanza kumfikiria baada ya mama yake alikuwa yeye. Ni kweli kwamba huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ilhali swali lenu linahusu sekondari, lakini wajibu ni uleule, na wala hauhitaji mtu asubiri tuzo.

Mimi nilimwendea mwalimu wangu wa hisabati baada ya kustaafu kwake. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine: jibu lisilo sahihi hakulifuta ubaoni, bali alimwomba aliyelitoa aeleze hatua kwa hatua jinsi alivyolifikia, na kicheko kilikuwa marufuku mpaka maelezo yaishe. Nimeitumia njia hiyo kazini kwa vijana ninaowafundisha kazi, na nilitaka ajue ilikotoka. Hakunitambua. Nilijitaja, nikaeleza, naye akasikiliza kwa makini, akakiri kwamba sura yangu haimjii na kwamba hata desturi ile hakujua kama kuna mwanafunzi aliyeitilia maanani, kwani yeye aliona ni namna ya kawaida ya kusahihisha. Nilimwona amefurahi, nami sikupungukiwa na chochote.

Kisha akaniuliza habari za msichana mmoja wa darasa letu aliyekuwa akiketi karibu na dirisha, mkimya, aliyekuwa akikokotoa hesabu kwa njia fupi aliyoibuni mwenyewe. Jina lake alilitamka lote, pamoja na la babu. Nilishtuka, kwa sababu katika mazungumzo yetu yote ya kundi, yaliyojaa wachekeshaji, wachezaji wa mpira na watoro, hakuna aliyewahi kumtaja, nami nilikuwa nimemsahau kabisa. Nililipeleka jina hilo kwenye kundi jioni ileile. Wengine waliomba picha, na ilipowekwa walimtambua mara moja. Mmoja alikuwa na namba ya dada yake. Sasa msichana yule ana namba ya mwalimu, na wamekwisha zungumza.