Unayekwenda Poland kuendesha semi: zima wipa KABLA hujazima gari

Hapana mkuu. Nani kakwambia hivyo?

Nimesoma bandiko lako nikiwa kwenye foleni ya malori Kurasini, nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani. Umeuliza makoti na viatu vya kununua kabla hujaondoka mwezi wa kumi na moja, ukauliza minyororo ya matairi, ukauliza maji ya wipa, halafu mwisho ukaandika kwa kujiamini kabisa kwamba "wipa nasikia unaiacha imewashwa ukipaki, asubuhi ukiwasha gari inajipangusia theluji yenyewe". Makoti na minyororo watakujibu wengine. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nisahau foleni imesogea, mpaka mwenye tenka nyuma yangu akanipigia honi ya matusi.

Wipa ya gari lililolala nje kwenye mainasi, yaani baridi ya chini ya sifuri, haijipangusii kitu. Inajivunja, na ikishajivunja inaondoka na mshahara wako. Wangu iliondoka nao.

Sentensi hiyo naijua neno kwa neno kwa sababu niliilipia ada. Kabla sijaondoka nilihudhuria kitu kinaitwa darasa la madereva wa Ulaya, chumba kimoja juu ya duka la spea, feni moja, watu ishirini na kitu. Mwalimu alikuwa anavaa kofia ya manyoya. Dar. Mwezi wa pili. Hiyo pekee ilitosha kuniambia niondoke, lakini nilishatoa hela. Alituonyesha video za theluji kwenye simu iliyounganishwa na televisheni, akasema wipa za kule zimetengenezwa kwa ajili ya theluji, zina nguvu, mziache zimewashwa zifanye kazi yake. Tukaandika. Mimi nilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Miaka miwili baadaye ndipo nikaambiwa na watu wake wa karibu kwamba mbali kuliko kote alikofika ni Kapiri Mposhi, hapo Zambia, tena kama utingo. Barafu aliyowahi kuishika kwa mikono yake ni ile ya kupangia samaki pale Feri.

Lakini niseme kweli, aliniingia kirahisi kwa sababu alinisifia tabia niliyokuwa nayo tayari. Sisi wa huku tunajijua. Mvua inakukuta Mlandizi, inakata kabla ya Chalinze, unapaki ule wali, unazima ufunguo na wipa bado inacheza. Ukirudi ukawasha, inaendelea pale pale ilipoishia, inakwaruza vumbi kidogo, safari inaendelea. Nimeendesha hivyo miaka kumi na minne, Dar kwenda Lubumbashi na kurudi, milima ya Kitonga nimeishuka usiku hadi nimechoka kuhesabu. Na baridi nilidhani naijua kwa sababu nimewahi kulala Makambako mwezi wa saba bila blanketi. Wacha nicheke kwanza mwenyewe kabla hujanicheka wewe.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa Januari yangu ya kwanza kule. Nimepakia samani karibu na Poznań, napeleka Kaunas, Lithuania. Jioni nikawa nimefika maeneo ya Suwałki, kona ya kaskazini mashariki kabisa ya Poland, ambako Wapoland wenyewe wanakuita ncha ya baridi ya nchi yao, kwa hiyo usidhani natia chumvi. Inaanguka theluji ile yenye majimaji, wipa zinachapa kazi, na saa zangu za kuendesha zimekwisha. Kule ni saa tisa kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa kumi, na takografu, kile kifaa cha kurekodi mwendo na saa za dereva, inaandika kila kitu, hakuna cha "ngoja nimalizie pale mbele". Nikaingia maegesho, nikazima ufunguo. Wipa zikasimama katikati ya kioo kama mtu anayepunga mkono kituoni. Nikaziangalia. Nikaukumbuka mstari wangu mwekundu. Nikatabasamu, mkuu, naapa nilitabasamu. Nikavuta pazia nikalala, hita ya kabini inanguruma taratibu, ndani joto kama Tandika.

Usiku ule nje ilishuka mpaka mainasi 16.

Kinachotokea hapo ni hiki. Mpira wa wipa umelala kwenye kioo ukiwa umelowa. Maji yaliyo kati ya mpira na kioo yanaganda, na yale yaliyoingia kwenye maungio ya mkono yanaganda pia. Juu yake inadondoka theluji nyingine. Asubuhi huna wipa tena, una chuma kilichojengewa kwenye kioo. Halafu mota ya wipa ya lori haina huruma. Ina gia ndani inayopunguza mzunguko na kuongeza nguvu, na ukiipa umeme wakati swichi iko juu, haiulizi kama mlango umefungwa. Inavuta. Kitakachokuwa dhaifu kuliko vingine ndicho kitakachokufa: mpira utachanika, au meno ya mkono yatasagika, au vile vyuma vinavyounganisha mota na mikono vitachomoka, au mota yenyewe itaungua. Ukiwa na bahati ni fyuzi. Mimi sikuwa na bahati.

Saa kumi na moja alfajiri, giza, kioo cheupe chote kama kimepigwa plasta. Nikazungusha ufunguo. Kimya kama sekunde moja, halafu mlio kama mbwa anatafuna mfupa. Mkono wa upande wa abiria uling'oka kwenye barafu ukaruka, ukaacha kipande kidogo cha ncha ya mpira wake pale kwenye kioo. Wa upande wangu haukutikisika hata kidogo, lakini mota nikaisikia inavuma vizuri tu, nikajisemea, sawa, wa kwangu unapasha kwanza. Kumbe pale mkono unapokalia ekseli yake kuna meno madogo madogo, na yale meno yalikuwa yanasagwa unga.

Nikakwangua barafu, kioo kikawa safi, theluji ilikuwa imekata, nikaona hakuna haja ya wipa. Najua wengine hapa mtasema "ulipaswa kukagua kabla ya kuondoka". Ni kweli. Piteni.

Nilikwenda kilomita saba. Barabara za kule majira hayo zinamwagwa chumvi, na theluji ikichanganyika na chumvi inakuwa uji wa kijivu. Lori lililonipita likanimwagia uji huo kioo kizima kwa mpigo mmoja. Nikapandisha swichi ya wipa. Upande wa abiria ikapangusa. Upande wangu, mota inavuma, mkono umelala. Kwa hiyo nina kioo safi kabisa mbele ya kiti ambacho hakina mtu, na mbele yangu kuna ukuta. Na kule usukani uko kushoto, kwa hiyo hata nikiinamia upande ule wa kioo safi naangalia mtaro. Nimebeba tani kumi na kitu za makabati. Sitaki kusimulia nilivyofika pembeni ya barabara. Nilifika.

Hapo ndipo kosa la laki moja likawa kosa la mamilioni. Nikajiambia mimi ni mtoto wa Vingunguti, kukaza nati tu kunanishinda? Nikashuka na spana. Nikatoa mpira kwenye mkono ili nipate nafasi, nikauinua mkono ukasimama, nikageuka kidogo kuchukua kitambaa. Vidole havina hisia, glovu nimevua. Nikaugusa kwa kiwiko. Ule mkono una springi ya kuukandamiza kwenye kioo, na sasa hauna mpira mbele yake, ni ncha ya chuma tupu. Pa! Mstari ukaanzia chini, ukapanda taratibu huku nauangalia, ukaishia usawa wa macho yangu. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa pamoja na plastiki katikati, kwa hiyo hakikumwagika. Lakini niliporudi ndani, joto la hita likikipiga kutoka huku na baridi kutoka kule, ule mstari ukaota tawi. Kisha la pili.

Alisimama dereva mmoja mzee, wa huko huko. Hana Kiingereza, na mimi Kipoland changu kilikuwa salamu na neno la asante. Akapanda kabini, akakitazama kioo, akatazama swichi ya wipa ambayo bado ilikuwa juu. Akaigonga kwa kidole. Akaishusha mpaka sifuri. Halafu akaonyesha kwa mkono kama anazima ufunguo. Akarudia: swichi, ufunguo. Swichi, ufunguo. Mara tatu, kama anamfundisha mtoto kuchamba. Kisha akanipa kahawa kutoka kwenye chupa yake. Somo lile halikuwa na ada wala kofia ya manyoya.

Mzigo ulifika kesho yake. Kioo, mkono wa wipa, fundi wa kuja barabarani na fidia ya kuchelewa, jumla zloti 3,400 za hela ya Poland, wakanikata kwa miezi mitatu. Kampuni siitaji. Mama mkwe alikuwa anasubiri hela ya mabati ya Kibaha, nikamwambia akaunti imeganda. Sikumdanganya sana.

Kwa hiyo mkuu, mkono wako usiguse ufunguo kabla haujagusa swichi ya wipa. Shusha mpaka sifuri wakati umeme bado upo, ziangalie zishuke zenyewe mpaka chini zilale, ndipo uzime. Ukikata umeme zikiwa katikati zinaganda katikati, na swichi inabaki inazisubiri asubuhi. Zikilala chini ziko jirani na pale hewa ya moto inapotokea, kwa hiyo ndizo za kwanza kuachiwa na barafu. Yapo magari mapya yenye akili, hata ukiacha swichi juu hayapangusi mpaka uiguse tena. Usiishi kwa akili ya gari. Hujui kesho watakupa funguo za gari gani, na wa mwisho kuliendesha alisoma darasa gani.

Na asubuhi, kabla ya ufunguo, macho kwenye swichi tena. Unaweza kuwa umeigusa kwa goti wakati unapanda kulala. Kisha washa, elekeza hewa kwenye kioo, anza na joto dogo kabla ya kubwa, na kama baridi haijafika kuganda AC iwashe pia kwa sababu inakausha unyevu wa ndani; kwenye mainasi makali mara nyingi haifanyi kazi. Kwangua kioo chote, usitoboe tundu la kuchungulia kama mlinzi, polisi wa Ujerumani wana faini yake. Theluji iliyojazana pale chini wipa zilipolala itoe kwa mkono, maana hata iliyolala vizuri inaweza kufukiwa. Mpira usiuvute kwa nguvu. Ngoja kioo kipate joto utaachia wenyewe, halafu upanguse ukingo wake kwa kitambaa, kwa sababu kipande kidogo tu cha barafu kikibaki pale utakuwa unachora mistari kioo kizima. Mimi kule, tangu siku hiyo, nikipaki nilikuwa naweka kipande cha boksi kati ya mpira na kioo. Hakigharimu kitu. Ukiinua mkono wa wipa, ushike mpaka urudi, usiutegemee usimame kama unavyotegemea boneti ya Noah.

Aliyekushauri kwenye maoni ya bandiko lako umwagie kioo maji ya moto ya birika naye naomba apumzike. Kioo cha mainasi 16 ukikimwagia maji ya chai, upande wa nje unatanuka ghafla huku wa ndani haujapata habari, kinapasuka hata bila msaada wa wipa. Mimi angalau nilikipasua kwa chuma.

Maji ya wipa: usiweke ya bomba, wala usichanganye na Omo kama tunavyofanya hapa. Yataganda kwenye tangi na kwenye mipira ya kupitishia maji, na maji yakiganda yanavimba, yatapasua tangi au pampu. Kule kuna ya majira ya baridi, yana spiriti ndani, kwenye galoni wanaandika yanavumilia mpaka mainasi ngapi. Soma hiyo namba. Usiyachanganye na maji ili yadumu, tunajuana. Na usiyarushe ukiwa kasi wakati kioo bado cha baridi, spiriti inaruka na upepo, maji yanabaki na kuganda mbele ya macho yako. Kama swichi ilibaki juu usiku kucha hata galoni kumi hazitakusaidia, kwa hiyo rudi pale pale kwenye swichi.

Foleni imesogea tena, huyu wa tenka sasa ameshuka anakuja. Ukifika kule, usiku wa kwanza ukipaki kwenye theluji, usinitumie picha ya theluji, nimeiona. Nitumie ya swichi.